Mvumo Niliomsingizia Baba Mkwe

Jumanne, 4 Machi
Kwaya inakuja kurekodi hapa kwangu Alhamisi. Maiki ziko chumbani kwa watoto, mikseri sebuleni, jiko katikati. Muuzaji wa vifaa vya sauti amenishauri nichukue waya wa balansi: kwa umbali huo, hufuta kelele za umeme njiani. Nimechukua. Vichwa vinene vya waya huo havikupita kwenye tundu nililotoboa ukutani! Mke wangu alishasema nikigusa ukuta huo tena nitalala nje. Nimebadilisha, nimeleta usio wa balansi, kichwa chembamba. Umepita bila shida, nyuma ya friji. Nani atajua?

Alhamisi, 6 Machi
Mvumo! Mmmm, chini ya kila wimbo. Mwalimu wa kwaya akauliza ni nini hicho. Wote wakanigeukia. Nikasema ni besi ya pili, kuna mtu anaendelea kuvuta sauti wenzake wakishanyamaza. Besi ya pili yuko mmoja tu. Baba mkwe. Kaimba humo tangu mke wangu hajazaliwa. Akaomba radhi. Mwalimu akamwambia, mzee wetu, Jumamosi tukirudia wewe pumzika. Nilichezea vifundo vya mikseri mpaka mzee akatoka. Sikuweza kumtazama.

Ijumaa, 7 Machi
Mama mkwe kapiga simu. Mzee hali, hasemi, hata kukohoa anajizuia. Mke wangu kasikiliza rekodi, kisha akaniuliza friji yetu imejiunga lini na kwaya. Akasema kesho babake asipoimba, ukuta utakuwa shida yangu ndogo kuliko zote. Nimerudi dukani kwa muuzaji, kichwa chini, nikachukua tena waya wa balansi. Nimepanua tundu. Limetoka kubwa kama sahani.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekwenda kwa mzee kukiri. Mdomo ukafunguka, likatoka neno jingine kabisa: nina zoezi la pumzi linaloondoa mvumo. Akalifanya papo hapo, kabana pua, macho kafumba, mtiifu kama mtoto wa chekechea. Nikaja naye. Waya wa balansi, kimya kabisa! Kwaya ikampigia makofi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, mwanangu, umenitoa mbali. Nilitamani kuingia kwenye lile tundu.

Jumapili, 9 Machi
Aibu imeninyima usingizi. Asubuhi wamekuja waimbaji wawili wa soprano kuuliza kama zoezi langu linatibu na koo linalokwaruza. Nimesema linatibu. Darasa linaanza kesho. Mzee amekubali kuwa msaidizi wangu.