Madirisha Manane ya Treni ya Mamajusi

Tegeni masikio, enyi wa Base Camp na wa Juru, nanyi wa Rubondo mliopanga madumu bombani tangu alfajiri! Wachuuzi wa maziwa wa Bwizibwera, zimeni pikipiki zenu kidogo, maziwa hayataganda kwa dakika tano. Nasimulia vita vya Libère Nshimirimana, mpiga bati wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, simba wa mkasi, mtiisha makopo ya mafuta ya kula, aliyekwenda Mbarara na behewa lisilo na rangi akarudi nalo jekundu, madirisha yake yote yakipitisha mwanga. Asiyetaka kusikia na aende akachambue maharage.

Chanzo cha vita kilikuwa ngamia. Mwaka uliotangulia, kwaya ya Warundi ilimpa Libère heshima ya kuwafulia Mamajusi kipando cha kuwekwa kwenye pango la Noeli, naye akafua ngamia wa bati ambaye, Mungu atusamehe, alitoka mbuzi kamili: ndevu anazo, nundu hana. Siku ya Epifania, sikukuu ya Mamajusi, padri akiwa ameinua mikono, Byamungu, kiongozi wa kwaya ya Wakongo, mtu wa Uvira mwenye sauti ya tarumbeta na adabu ya jogoo, akalia "Meee!" na kanisa zima likavunjika mbavu. Tangu siku hiyo Bernardine, mke wa Libère, aliyekuwa akiitwa Mama Doriane kwa heshima zote za mzazi, akawa Mama Mbuzi: bombani Mama Mbuzi, sokoni Mama Mbuzi, hata kwenye foleni ya kitubio Mama Mbuzi. Wiki mbili za kwanza alicheka pamoja nao. Ya tatu akaacha kucheka, akaanza kuchota maji saa za jua kali, wakati bombani hakuna mtu. Libère aliliona hilo, na lilimuuma sana.

"Papa Doriane," alisema Bernardine mwaka ulipozunguka, "mimi sikuolewa na mbuzi! Ile jina yangu niliizalia, nililia siku mbili mu kitanda ya hospitali. Unirudishie. Na usiniletee tena kitu yenye miguu!"

Shujaa akapanda juu ya kigoda chake cha kazi. "Mama Doriane, nguzo ya nyumba, naapa mbele ya hii nyundo: mwaka huu Mamajusi batakuja na kitu ya magurudumu. Batakuja na treni!"

Ikumbukwe kwamba Burundi haina reli, na Libère hakuwahi kuona treni ila kwenye kalenda. Byamungu, aliyepanda treni mara moja huko Kalemie akashuka kituo cha pili, na tangu hapo hajanyamaza, alipopata habari alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini katekista Muhirwa alifungua Injili, akapekua mbele na nyuma, akatangaza kwamba katika safari ya Mamajusi mwinjili hakutaja ngamia hata mmoja.

Basi behewa likajengwa kwa kopo la mafuta. Ndani wakaketishwa Mamajusi watatu wa udongo, wenye mataji ya karatasi ya peremende, na madirisha manane yakakatwa kwenye makasha maangavu ya kaseti za zamani za kwaya, yakabandikwa kwa gundi kali. Hapo ndipo shujaa alipokosea: alifunga madirisha kabla ya kupaka rangi, na sasa kuyang'oa ni kuyavunja. Rangi ikiyafunika, nani atajua kwamba ndani kuna wafalme? Watu wangeona kopo jekundu, na Bernardine angeitwa Mama Kopo mpaka ufufuo wa wafu.

Akalifunga behewa kwenye kitenge, akashika njia hadi Kakoba, mjini Mbarara, kwa Kanyesigye, jemadari wa bunduki ya kupulizia rangi, anayeng'arisha matangi ya bodaboda kuliko dhamiri za wenyewe.

"Ssebo, bwana wangu," akasema Kanyesigye akiligeuza behewa kiganjani, "mimi napiga rangi pikipiki miaka kumi. Hii ni kidogo kama sabuni. Dirisha tunapaka girisi, rangi napita juu, tunapanguza, kwisha!"

"Hapana, fundi mkubwa!" akajibu Libère kwa sauti ya kuhutubia majeshi. "Girisi itatambaa mpaka ku bati, na pale rangi haitashika. Leo tunapigana na karatasi!"

Akachomoa silaha zake: tepu ya karatasi na wembe mpya. Dirisha baada ya dirisha alibandika tepu, akaikata kwa kufuata ukingo, kwa mkono mwepesi usioacha hata mkwaruzo, kisha akavua medali ya Bikira Maria shingoni na kuusugua ukingo wote kwa ubavu wa medali hiyo ili rangi isipate mwanya, akimwomba Bikira radhi mara nane, mara moja kwa kila dirisha.

"Sasa piga," akaamuru. "Lakini usimwage! Funika kidogo, ngoja, rudia."

Bunduki ikanguruma mara tatu, na wingu jekundu likatanda Kakoba. Rangi ikiwa bado mbichi, Libère akashika ncha ya tepu ya kwanza, akaikunja nyuma na kuivuta taratibu, kama mtu anayemvua soksi mtoto aliyelala. Safi! La pili safi, la tatu safi. Kufikia la saba mafundi wa gereji walikuwa wameacha spana zao. Kwenye la nane, tone jekundu lilikuwa limepenya chini ya tepu na kutua mbele ya pua ya Baltazari, mmoja wa wale wafalme watatu.

"Ngoja, natoa na tina!" Kanyesigye akaruka na kitambaa kilicholowa ile dawa ya kuyeyusha rangi.

"Rudi nyuma!" Libère akajitupa katikati. "Tina itapofusha dirisha! Niliua makasha mbili na hiyo tina, mimi mwenyewe!"

Hakumfikiria Byamungu wala padri. Alimwona mkewe peke yake juani na dumu kichwani. Akachonga kijiti cha kiberiti, akalikwangua lile tone lingali laini, chembe kwa chembe, bila kupumua, mpaka Baltazari akauona tena ulimwengu.

Siku ya Epifania treni ikasimama mlangoni pa pango. Byamungu akapita mbele ya watu wote, mapafu ameshayajaza. Akainama. Akachungulia dirisha la kwanza, la pili, hadi la nane, na pumzi yote ile ikakosa kazi.

"Moya, mbili, tatu," akasema mwishowe kwa sauti ndogo. "Banaonekana bote." Akanyooka, akamtafuta Bernardine kwenye mabenchi ya wanawake. "Mama Doriane! Treni ya bwana yako ni ya kweli. Nasema mimi, mwenye nilipandaka treni."

Enyi mnaoandika tarehe za kuanguka kwa falme, ongezeni mstari mmoja: kwamba huko Nakivale mtu alizuia rangi mahali padogo kuliko ukucha, na mwanamke akaitwa jina lake mbele ya kanisa zima, akaitika.