Marufuku Hodi

Jumatatu, 12 Julai 2021. Guildford.
Jana, katikati ya ibada ya mtandaoni, mtu asiyejulikana aliigeuza kamera ya kanisa kutoka mbali. Dakika nne za dari. Mchungaji Révérien anataka mlinzi wa mtandao. Belyse, anayesomea kompyuta chuoni Campbelltown, aliinua mkono. Nilizungumza kabla hajaitwa. Nimepewa!

Jumatano, 14 Julai.
Nimeweka kinga kwenye ruta, kile kisanduku cha intaneti. Hapiti mtu. Belyse, aniitaye Tonton kama mjomba wake, akapiga simu: Tonton Katembo, umefunga anwani za mtandao za zamani tu, kampuni ya intaneti imetuwekea na zile mpya ndefu, na huko ni wazi. Nikamwambia nilikuwa nafunga mitambo Butembo yeye akiwa kwenye nepi. Nikakagua. Ni wazi. Nimezizima za zamani kabisa, nibaki na mpya, nilinde mlango mmoja. Nimemwandikia Mchungaji kwamba nimegundua jambo.

Jumatatu, 19 Julai.
Mzee Wilondja alifariki jana. Ibada ya kumuaga ni Alhamisi, watu kumi tu kwa ajili ya korona. Dada zake, walioko Uvira, watamuaga kwa picha yetu ya moja kwa moja mtandaoni. Mjane wake, Mama Léocadie, aliniuliza mara mbili kama picha itafika. Nikasema itafika.

Jumatano, 21 Julai.
Nimepiga marufuku hodi, zile salamu fupi ambazo mitambo hutumiana. Kwenye anwani za zamani nilizizuia miaka mingi. Mwizi akibisha, asipojibiwa huenda zake. Belyse kasema kwenye anwani mpya nisithubutu: furushi kubwa la data, kama la picha, likikwama njiani, hodi ndiyo inayorudi kusema lipunguzwe. Nikajibu sawa, mwanangu. Sijafungua. Nimejaribu ujumbe wa maandishi. Umefika Uvira. Safi!

Alhamisi, 22 Julai.
Maandishi yalifika. Picha haikufika. Nikazima, nikawasha. Nikabadilisha waya. Belyse kwenye simu: hodi, Tonton, fungua hodi! Nikasema ni mawingu. Mama Léocadie akanisogelea, simu mkononi. Akasema, kwa sauti ya kawaida, kwamba mawifi zake wanauliza kama ameshazikwa.
Nikafungua. Picha ikafika papo hapo. Waliona jeneza likitoka mlangoni, kisha viti vitupu.

Jumapili, 25 Julai.
Ulinzi kapewa Belyse. Taarifa yangu iko tayari: chanzo, mawingu. Kuna kanisa Cabramatta halina mlinzi. Nimewatumia kanuni zangu. Ya kwanza, hakuna hodi. Mchana Belyse aliniletea karatasi ya mipangilio sahihi. Alibisha mara tatu. Nilikaa jikoni, kimya. Akaenda zake.
Kinga inafanya kazi.