Hotuba ya Kuzindua Tableti Zisizochosha Akili ya Mtoto

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa mujibu wa ratiba ni mimi mwenyewe, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kumpokea Mgeni Rasmi, Naibu wake, Msaidizi wa Naibu, ambaye naona amesinzia lakini amesinzia kwa nidhamu, Mwalimu Mkuu wa shule hii, wazazi, walezi, mashangazi na wajomba mlioketi, pamoja na ninyi mliosimama kwa sababu viti vyenu vimekaliwa na msafara wangu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa basi naagiza izingatiwe. Hamjambo?

(Hatujambo. Mama mmoja wa benchi la nyuma: “Kadi ilisema saa mbili!” Ilikuwa saa saba kasoro, na mabati ya ukumbi yalikuwa yanalialia kwa joto.)

Nimemsikia mama, na swali lake ni zuri, hata kama hakuuliza swali. Nimechelewa kwa sababu za kitaalamu. Wataalamu wa namna akili inavyojifunza wametuambia kwamba jambo likisomwa mara moja kwa pupa hupotea, lakini likisomwa leo, likaachiwa nafasi, likarudiwa keshokutwa, hunata kama gundi. Kwa hiyo kati ya saa mbili na saa saba nilikuwa nawaachia nafasi. (Makofi ya msafara. Msaidizi wa Naibu akaamka, akapiga yake peke yake baada ya wenzake kumaliza.)

Ndugu wananchi, niwaulize: akili ya mtoto ni nini? Mimi pia nilikuwa sijui, mpaka nilipohudhuria semina elekezi ya siku kumi na nne, yenye kiyoyozi, ambako tulielezwa kwamba ndani ya kichwa cha mtoto kuna meza ndogo ya kazi. Ndogo kweli kweli! Juu ya meza hiyo vinakaa vitu vitatu au vinne. Ukiweka cha tano, kimoja kinadondoka, na mtoto hajui kimedondoka kipi, anabaki kukutumbulia macho, nawe unamwita mjinga, kumbe mjinga ni aliyejaza meza. Huo mzigo ndio sisi wasomi tunauita koginitivu lodi. Semeni koginitivu lodi! (Wananchi walisema vitu mbalimbali.) Vizuri sana. Na kwa kuizingatia kanuni hiyo ya vitu vinne, hotuba yangu ina vipengele ishirini na tatu, na hiki ni cha kwanza. (Miguno. Mzee mmoja akavua viatu, akajipanga upya.)

Ofisi yangu, yaani Kurugenzi ya Maarifa ya Kidijitali na Uboreshaji wa Vichwa, haikulala. Tulibuni Mradi Mkakati Jumuishi wa Tableti Koginitivu, wenye rodimapu, dashibodi na mastekiholda, ili kila mtoto wa darasa la tatu apate chombo kilichoundwa kwa kufuata akili yake inavyokwenda, si kwa kufuata muuzaji anavyotaka. Utafiti wetu wa awali umeonyesha kwamba asilimia mia moja na nne ya watoto watafaidika, hao wanne wa ziada wakiwa wale ambao hawajazaliwa. (Kicheko. Akasubiri kiishe, akidhani ni makofi.)

Samahani, kabla sijaendelea, nani ameweka unga kwenye meza hii? Kila nikiegemea mkono wa koti unatoka mweupe. Kitambaa cha satini kizuri namna hii, chini yake unga! Naibu, nifute. Asante.

Nilikuwa kwenye kamati. Tableti ya kwanza ililetwa mezani kama sampuli, na kwa kweli ilikuwa na kila kitu: muziki, vikatuni vinavyoruka, nyota zinazomwagika mtoto akipata jibu. Kikao cha kwanza, mtaalamu wetu akasema muziki unamchosha mtoto, kwa kuwa sikio linakula nafasi ya hesabu. Tukaondoa muziki, tukanywa chai. Kikao cha pili akasema vikatuni havihusiani na somo, vinaiba macho. Tukaondoa vikatuni, tukanywa chai. Hapo mtaalamu akasema sasa inatosha, picha inayoeleza somo ibaki, kwa maana picha na neno vikienda pamoja hushikana. Lakini mimi kama mwenyekiti niliona mbali zaidi yake. Nikasema, kama kupunguza kidogo ni vizuri, je, kupunguza sana? Mtaalamu akajiuzulu kwa sababu za kifamilia. Kikao cha tatu tukaondoa picha. Cha nne, maandishi, kwa sababu maandishi yanataka kusomwa. Cha tano, betri, inapata moto. Cha sita…

(Hapo akasimama mwalimu wa darasa la tatu, mama aliyepita makamo, kanga mabegani, chaki sikioni mahali ambapo fundi huweka penseli. “Wee Vizibo!”)

Naomba itifaki… Mwalimu! Shikamoo, Mwalimu.

(“Marahaba. Ubao wangu uko wapi?”)

Mabibi na mabwana, nieleze kidogo. Huyu ni mwalimu aliyenifundisha mimi hesabu katika shule hii hii, kwa kutumia vizibo vya chupa, na hilo jina alilonipa ni la utani wa kielimu.

(“Si la utani. Vizibo vilikuwa arobaini, ulivitia mfukoni kimoja kimoja mpaka vikabaki tisa. Ubao wangu uko wapi?” Kicheko kikubwa, hata cha msafara.)

Mwalimu, ubao uliondolewa mwanzoni mwa muhula, kwa barua yenye muhuri, ili kupisha tableti. Ukuta lazima uwe mtupu, akili itulie.

(“Ukuta umetulia, watoto hawajatulia. Nina watoto tisini na mmoja na mtihani wiki tatu zijazo. Naandika hesabu kwenye mlango. Kila mtu akiingia kuomba chaki, mlango unafunguka, hesabu zinatazama uani. Jana mbuzi kasoma kujumlisha kwa kubeba mpaka kengele. Mtihani atafanya mbuzi?”)

Hoja yako nimeipokea, na tutaiundia kamati ndogo. Lakini Mwalimu, na wewe ukubali kwamba zama za vizibo zimepita. Sayansi imekua! Sayansi inasema jambo jipya lazima lipachikwe juu ya lile mtoto analolijua tayari.

(“Kizibo anakijua.”)

Sayansi inasema kitu kigumu kikatwe vipande vidogo.

(“Nilikuwa nakupa vitano vitano.”)

Sayansi inasema mtoto hujifunza zaidi anapolitafuta jibu kichwani mwake, bila kutazama, kuliko anaposoma lile lile mara mia.

(“Sawa. Weka karatasi chini. Yataje malengo ya mradi wako, bila kutazama.”)

Malengo ya mradi ni… Lengo la kwanza, ndugu wananchi, ni la kwanza kwa umuhimu, na linafuatwa kwa karibu sana na la pili, ambalo… (Mkono ukaenda kwenye karatasi. Mwalimu akaikoholea. Mkono ukarudi.) Ambalo linahusu stekiholda.

(“Saba mara nane?”)

Hamsini na sita! (Alijibu swali halijafika mwisho, akanyoosha mkono juu, na visigino vikagongana. Ukumbi ukalipuka. Makofi haya hayakuwa ya msafara.)

Mnaona? Mnaona wenyewe! Miaka arobaini, na sijawahi kuirudia hata siku moja.

(“Uliirudia. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kisha baada ya wiki, kisha baada ya likizo. Ulikuwa unalia ukinidai mapumziko. Huko kwenye semina ya kiyoyozi walikufundisha nini zaidi ya hiki?”)

Walitufundisha… Walitupa pia begi. (Akakunjua leso, akajifuta uso, na uso ukabaki na mistari myeupe.) Huu unga jamani! Unatoka wapi?

(Shangazi mmoja wa mstari wa mbele, mpishi wa shule, aliinuka bila kuitwa, akashika pindo la satini, akalinyanyua. Chini yake hapakuwa na meza. Palikuwa na ubao, umelazwa chali juu ya madawati mawili, na maandishi ya chaki ya muhula uliopita bado yanasomeka kando ya glasi ya maji ya Mgeni Rasmi. “Tulikosa meza ya hadhi yako,” akasema Mwalimu Mkuu, akitazama viatu vyake.)

Ahaa. Basi. Mwenye macho haambiwi tazama. Naona muda haupo upande wangu, kwa hiyo vipengele ishirini na viwili vilivyobaki vichukuliwe kuwa vimesomwa, twende moja kwa moja kwenye kaulimbiu. Nikisema “Mzigo wa akili!”, mseme “Tua!” Mzigo wa akili! (“Tua!”) Mzigo wa akili! (“Tua ubao!” Hiyo haikuwamo kwenye ratiba.)

Kwa kumalizia, nashukuru. Nawashukuru wazazi kwa uvumilivu. Naishukuru kamati yangu, ambayo katika kikao cha sita iliondoa kioo na katika kikao cha saba, kwa kukosa kingine cha kuondoa, ikaiondoa tableti yenyewe, na hivyo kufanikisha chombo cha kwanza duniani chenye mzigo sifuri. Naushukuru mradi, ambao kama ungekuwepo ungefanya vizuri sana. Maboksi haya mia moja mnayoyaona nyuma yangu, yenye utepe, yana makava ya tableti. Makava ni mazuri, yana zipu, na yana picha yangu. Nilidhani… Sijui nilidhani nini.

(“Makava niachie,” akasema Mwalimu, sauti sasa ya chini. “Kila mtoto atatilia vizibo vyake. Zipu itawazuia wale wa mfano wako.”)

Yachukue, Mwalimu. Naibu, shika upande ule wa ubao, mimi nashika huu. Taratibu, usifute hayo maandishi, bado mwenyewe hajasema yafutwe. Mlango wa darasa la tatu ni upi, huu wenye hesabu? Asanteni sana kwa kunisikiliza. Mlinzi, tushikie mlango, na ile glasi iondoe.

(Wakatoka nao hivyo, Mgeni Rasmi akirudi kinyumenyume, koti jeupe mpaka kwenye kiwiko. Mwalimu alibaki nyuma akihesabu maboksi kwa kidole, vitano vitano. Mlangoni akamwita tena. “Wee Vizibo! Na vile thelathini na kimoja?” Sauti ikatoka ndani ya darasa, bila kipaza sauti: “Kesho, Mwalimu.”)