Barua za Marsela wa Kapalamsenga

Jumatatu, 5 Mei 1997
Mradi wa afya unataka barua za wananchi: wanaonaje dawa za antibayotiki? Redio itazisoma, kisha daktari atasahihisha. Mkusanyaji mwenye barua nyingi kuliko wenzake atapewa baiskeli. Selestine, mkusanyaji mwenzangu wa upande wa Mishamo, keshapata kumi na mbili. Mimi sifuri! Nimezunguka soko zima la Mpanda nikiuliza habari za antibayotiki. Muuza dagaa kanielekeza kwa wauza vipuri. Kumbe ningetaja "rangi mbili" tu, jina la mtaani la kapsuli zake, kila mtu anazo mfukoni. Nimechoka kuuliza. Nimejifungia, nimeandika kumi na tano mwenyewe. Nzuri kuliko zote ni ya Marsela wa Kapalamsenga: alimeza rangi mbili siku chache tu, kikohozi kikakata, zilizobaki akawapa kuku. Kuku nao wakanenepa!

Jumatano, 21 Mei
Mama kifua kinambana. Hospitali wamempa rangi mbili, ameze siku saba bila kuruka. Naogopa. Ni yeye peke yake anayeniita msomi bila kucheka.

Jumamosi, 24 Mei
Marsela kasomwa redioni! Mtangazaji karudia habari ya kuku mara mbili. Daktari alipoanza kusafisha koo ili asahihishe, nikazima. Betri zenyewe nimezianika juani tangu asubuhi, za kumsikiliza daktari zitoke wapi? Mama kafurahi kuliko mimi. Kapalamsenga ndiko kwao. Anasema Marsela anamfahamu, ni binti wa marehemu Enoka, walianika dagaa pamoja. Nikachomoa betri nikazianike tena.

Jumatano, 28 Mei
Balaa! Mama kaacha dawa tangu Jumapili. Zilizobaki wamekula kuku. Nimemletea nyingine, kakataa, kaniuliza kati yangu na Marsela nani mtu mzima. Nilitaka kusema kweli. Lakini nikamwona Selestine akilini, yuko juu ya baiskeli yangu. Basi nimeandika barua ya pili: Marsela anajuta, anawasihi wenzake wamalize dozi. Redio wataisoma mwezi ujao.

Jumapili, 1 Juni
Tuko wodini, hospitali. Mama anapumua kwa shida. Nesi Theopista kasema zile zile za mwanzo zingetosha, sasa hajui. Nimelia nyuma ya jiko la hospitali. Niliporudi, mama akaomba nimwandikie Marsela aje kumwona. Hapo ndipo pa kusema kweli, hata mimi nilijua. Nikatoa kalamu, nikamuuliza nianze na salamu gani.

Jumanne, 3 Juni
Majibu ya Marsela yamefika, kwa mwandiko wa mkono wangu wa kushoto. Anakuja. Mama kaomba avalishwe kitenge kizuri. Hali chakula. Mlango wa wodi ukifunguka ananyanyua kichwa, kisha anakirudisha taratibu. Siwezi kumtazama. Barua zote mbili, ya mama na ya Marsela, nimezitia kwenye bahasha ya mradi. Nazo ni maoni, zitahesabiwa.