Korane na Mashine ya Kuengua Povu

Korane aliuona mlango wa riziki akiwa amebeba katoni mbili begani, na ya tatu ameibana kwa kidevu.

Ilikuwa kiangazi kile cha 2018, nyasi za bustani zote za Birmingham zimegeuka rangi ya mkeka. Alikuwa amepeleka mzigo kwenye duka la samaki wa mapambo huko Hockley, nyuma ya karakana za masonara. Ndani, Waingereza wawili, watu wazima na ndevu zao, walikuwa wakibishana mpaka mate yanaruka. Mmoja alisema tangi la maji ya chumvi lenye matumbawe haliwezi kuishi bila skima. Mwenzake alisema skima ni upuuzi mtupu. Lake lina miaka bila kitu hicho na matumbawe yananenepa tu.

Msomaji asiyefuga samaki asihangaike. Skima ni bomba la plastiki linalopuliza vipovu vya hewa ndani ya maji. Uchafu wa samaki hunasa kwenye povu, povu hupanda, likamwagikia kwenye kikombe kilichoko juu. Ni kazi ile ile ya mpishi wa maharage anapoengua povu la sufuria, ila mpishi hahitaji umeme.

Kuhusu samaki, Korane alijua kwamba wanataka ndimu, basi. Lakini watu aliwajua vizuri. Akaziweka katoni chini polepole.

"Wote wawili wana pesa," alijiambia, "wote wana hakika, na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Ya Rabbi, hili si bishano. Hili ni shamba."

Mpango ulijitunga wenyewe. Mwenye skima ataambiwa inamuulia matumbawe, naye atampa Korane akaitupe. Asiye na skima ataambiwa samaki wanakufa kwa kuikosa, naye atauziwa ile ile iliyotupwa. Ukweli ukae upande wowote unaoupenda; Korane angekula pande zote mbili.

Akajipatia koti jeupe, kipimo cha kusikilizia moyo, na kadi zilizoandikwa "Dkt. Korane, Tabibu wa Maji."

Tusimnyime haki yake. Hakuwa mtu mbaya wa kila saa. Kwenye basi la Soho Road hakumwacha bibi apandishe kikapu chake peke yake, na hakuingia nyumba ya mtu na viatu, hata nyumba aliyokusudia kuifilisi. Tena alikuwa na sheria moja: hamtapeli Msomali mwenzake. Alikulia Eastleigh, akapitia Uholanzi, na kote alikopita alijifunza jambo moja, kwamba ukimlaghai Msomali hapa Handsworth asubuhi, shangazi yako aliyeko Minneapolis anakupigia simu kukusuta kabla chai yako haijapoa. Makalasinga, ambao ndio aliowakusudia, aliamini hawana mambo hayo. Kila mmoja na nyumba yake kubwa, kila mmoja na mlango wake, na lake moyoni.

Wa kwanza alikuwa Jatinder, mwenye ukumbi wa harusi hapo hapo Handsworth. Mlangoni kwake palikuwa na tangi lisilo na skima, refu kama kitanda cha watu watatu, na maji yake siku hizo yalifanana na maji ya kuoshea mchele. Korane akavaa kipimo masikioni, akakibandika kwenye kioo, akafumba macho.

"Mgonjwa anapumua kwa taabu," alisema.

"Yupi? Wako thelathini humo."

"Maji, ndugu yangu. Mimi ni daktari wa maji. Samaki watafute wa kwao."

Jatinder alizaliwa Kisumu, akaletwa Uingereza bado kijana, na alikuwa na kiu ya mtu wa kuongea naye Kiswahili. Kiu hiyo ilimfanya atoe arubuni papo hapo.

"Jumamosi namwoza binti yangu Kiran," alisema. "Watu mia nne wa upande wa bwana harusi watapita mlango huu. Wakikuta samaki wamelala matumbo juu, watasema nyumba yangu ina nuksi."

"Jumamosi asubuhi utakuwa na skima kubwa kutoka Ujerumani. Wallahi."

"Vizuri sana, daktari." Jatinder alimshika bega kwa upole. "Usipokuja, nina kaka wanne. Umewahi kuwaona? Wanabeba meza kwa mkono mmoja, na bado mtu amekaa juu yake."

Arubuni ile jioni hiyo hiyo ilimezwa na giaboksi ya gari la Korane. Kwa hiyo sasa hakuwa na pesa za kurudisha wala mashine ya kupeleka, na Jumamosi ilikuwa inakuja bila kujali.

Kule dukani Hockley walimwambia skima kubwa kuliko zote, ya Kijerumani, imenunuliwa na mzee mmoja wa Moseley, Kewal. Korane akapiga pasi koti lake.

Mlango ulifunguliwa na bibi mdogo wa umbo, unga mikononi. Huyu alikuwa Manjit, mke wa Kewal.

"Karibu, mwanangu. Vua hilo koti, utapikika."

"Mama, mnaongea Kiswahili!"

"Tumekulia Kisumu. Ulitaka tuongee Kichina?"

Mtu mwingine angesimama hapo kidogo, akajiuliza swali. Korane aliona njia imepakwa mafuta tu, akateleza mpaka sebuleni.

Mzee Kewal alikuwa ameketi mbele ya tangi lake kama mtu aliye mbele ya mjukuu. Chini ya tangi mashine ilinguruma kwa ustaarabu, kikombe kimejaa povu la rangi ya chai nzito.

"Inafanya kazi," mzee alisema kwa fahari. "Ona uchafu huo."

Korane alikitazama kikombe kwa huzuni kubwa. "Uchafu, mzee? Hicho ni chakula cha matumbawe. Umekuwa ukipika, unapakua, halafu unamwaga, watoto wanaangalia."

Mzee akashtuka. "Lakini kitabu kinasema..."

"Kitabu kimeandikwa na muuza mashine."

"Lakini dukani..."

"Duka ni la nani, mzee?"

Kewal akaigeukia mashine yake. Manjit, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akapangusa mikono.

"Mimi nakubaliana na daktari," alisema. "Ngurumo yake imenichosha. Aichukue."

Korane nusura aimbe. Hakuwa amewahi kupata ushindi mwepesi namna hii. Hata aibu kidogo ilimpitia, ikakosa pa kukaa, ikaondoka.

"Ila," Manjit akaendelea, "unajua ada za kwetu. Kisumu, fundi aliyeifungua redio hakuondoka mpaka redio iimbe. Mashine nitaizima, nitaiweka stoo. Wewe utakuja kila siku utuangalizie maji. Tukiona yamekaa sawa, unaichukua. Fundi wa kweli hawezi kukataa, sivyo?"

"Hawezi, mama," alisema Korane, kwa kuwa hapakuwa na jibu jingine ambalo daktari angeweza kulitoa.

"Basi maji yaliyokuwa yakisafishwa na mashine, nani ayasafishe?"

Mzee akamtazama Korane. Manjit akamtazama Korane. Hata samaki mmoja wa rangi ya chungwa alisogea kwenye kioo akamtazama.

"Ndoo ziko chini ya ngazi," Manjit alisema.

Hivyo ndivyo tabibu wa maji alivyoanza kuyajua maji. Alinyonya machafu kwa mpira, akayabeba mpaka bustanini. Alikoroga chumvi kwenye maji mapya, mzee akipima na kusema bado, ongeza, umezidisha, mwaga. Alisugua mwani wa kioo mpaka bega likawaka. Alimpunguzia mzee mkono wa kulisha, maana mzee alikuwa akiwalisha samaki kama wageni wa Diwali. Kesho yake akarudi akaanza upya.

"Mashine ilifanya yote haya?" aliuliza, mgongo umemkatika.

"Bila kuzungumza," alisema mzee.

Lakini Manjit hakumwacha aende na njaa hata siku moja. Kulikuwa na chapati, dengu, muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu kama wa barabarani. Alipoona viganja vyake vimechubuka na chumvi, alimketisha kitini, akampaka samli kidole kwa kidole. Korane alitazama dirishani. Mtu wa mwisho kumpaka kitu mikononi alikuwa mama yake, na hilo hakulipangia nafasi katika mpango.

La ajabu zaidi ni kwamba uongo wake ulianza kusema kweli. Bila mashine, kwa ndoo na jasho tu, maji yakawa kama hayapo. Tumbawe moja la kijani lililokuwa limejikunja likafunguka taratibu, kama mkono wa mtoto anayeamka. Korane alijikuta anatabasamu peke yake. Akajisuta, akaendelea kusugua.

Jumamosi asubuhi, Manjit alimkabidhi boksi kubwa, limefungwa gundi pande zote.

"Umefanya kazi ya mtu mzima," alisema. "Lipeleke unakolipeleka. Usilifungue njiani, lina vitu vya kuvunjika."

Lilikuwa zito kama deni. Korane alilipakia garini, akabusu usukani, akaendesha mpaka Handsworth akipiga mluzi.

Ukumbini palikuwa na maua mpaka kwenye vyoo. Jatinder alimpokea na kaka zake wanne, na kwa kweli walikuwa na ukubwa uliotangazwa. Kisu kikapita kwenye gundi. Boksi likafunguka.

Ndani mlikuwa na mfuko mzima wa chumvi ya tangi. Juu ya chumvi, ndani ya karatasi ya foili ya kufungia chakula, chapati za moto.

Korane alizitazama chapati. Chapati, kwa upande wao, hazikumsaidia.

"Kumbe ni wewe kweli," Jatinder alisema, akianza kucheka. "Masi aliniambia utafika na chapati."

"Masi nani?"

"Mama yangu mdogo. Manjit wa Moseley. Tunaongea kila jioni. Nilimwambia nimepata daktari Msomali anayeniletea mashine ya Ujerumani. Akaniambia, ajabu, na mimi ninaye daktari Msomali anayeondoa ya Ujerumani. Ulidhani sisi watu wa Kisumu hatuna simu?"

Korane alikumbuka shangazi zake wote, kuanzia Eastleigh mpaka Minneapolis, na akaona wote wanamcheka.

"Arubuni yako, ndugu..."

"Imeliwa, najua. Masi kasema nisikuguse. Kasema huna mashine, ila una mikono mizuri. Nikupe ndoo." Kaka wa kwanza akaleta ndoo. "Tena kasema Mzee Kewal hataki mashine irudi. Anakutaka wewe kila Jumatatu na Alhamisi, na atakulipa."

Korane aligeukia mlango. Nje, mbele kabisa ya gari lake, alikuwa amesimama farasi mweupe wa bwana harusi, akivishwa shanga, pamoja na wapiga ngoma watano waliokuwa wakipasha moto ngozi. Hata mwendawazimu asingepita.

Akakunja mikono ya shati.

Kosa aliliona mara moja, jambo ambalo wiki iliyopita asingeweza: sakafu ya tangi ilikuwa na makombo ya sambusa na vipande vya barfi, vile vitamutamu vya maziwa. Kila mgeni wa kila harusi alikuwa amewakirimu samaki. Alinyonya, akabeba, akakoroga, akasugua. Bwana harusi alipoingia, ngoma zikilia, wageni mia nne walisimama mlangoni kushangaa samaki wanaoelea hewani, na Kiran, bibi harusi, aliinamia kioo mpaka hina yake ikaacha alama. Jatinder alifuta machozi, akamwekea Korane sahani kubwa ya pilau kuliko ya bwana harusi.

Alikuwa bado anakula, amekalia ndoo iliyopinduliwa, mzee mmoja wa Wolverhampton alipomsogelea. Mzee Balwinder alikuwa na pete ya dhahabu kila kidole, na sauti ya chini ya mtu anayeomba apunguziwe bei.

"Kijana, nasikia wewe ndiye daktari. Nina tangi mara mbili ya hili, liko ghorofa ya tatu. Lina skima kubwa, mpya. Watu wananiambia si lazima. Unaonaje, niitoe? Nikupe uitupe?"

Miaka yote ya maisha yake Korane alikuwa akimngoja mtu huyu. Akamtazama mzee, akazitazama pete. Kisha akazifikiria ngazi za ghorofa tatu, na ndoo mbili kila mkono.

"Usiitoe!" alipiga kelele, wali ukaruka. "Mzee wangu, nakusihi, wallahi, usiiguse!"