Puto la Saruji

Jumatatu, 3 Machi

Soko la hisa limepanda tena. Uongo mtupu!

Kinyozi wa hapo chini ameandika bei mpya ya hisa za saruji juu ya kioo chake, kwa kipande cha sabuni, kama anavyofanya kila siku. Wateja wakapiga makofi. Watu wazima na akili zao, wanaipigia sabuni makofi.

Nilisimama mlangoni nikawaeleza bila kumumunya maneno kwamba hili ni puto. Bei inapanda kwa sababu watu wananunua. Watu wananunua kwa sababu bei inapanda. Nikawauliza, huo mduara una mlango wa kutokea? Fundi viatu akasema, kaka mkubwa, ingia au toka, unatuzibia hewa.

Nikatoka. Kwa hiari yangu.

Mama Watoto bado yuko kwa binti yetu. Alikwenda kusaidia kulea mjukuu, wiki mbili tu. Mjukuu sasa anakaa mwenyewe bila kushikwa. Sababu nitaiandika mara moja na bila upendeleo. Nilikwenda kumwona mtoto, nikaketi mezani na mkwe wangu. Mkwe ni dalali wa hisa. Nikamfafanulia kwamba kazi yake ni kuuza hewa. Nilimfafanulia tangu supu hadi matunda. Alinisikiliza, akainamisha kichwa, akasema, nimekuelewa, Baba.

Nimekuelewa, Baba! Miaka yote niliyoandika gazetini, hakuna msomaji aliyenitukana kiasi hicho.

Mama Watoto hakurudi nami. Aliniambia mlangoni kwamba atarudi siku nitakayompigia simu nikiwa sina mtu niliyemshinda.

Mkakati uko wazi. Puto likipasuka, nitakuwa nimewashinda wote kwa mpigo. Hatabaki mtu wa kushindwa. Atarudi.

Jumatano, 5 Machi

Nimechapisha makala. Gazeti langu lilifungwa mwaka juzi, kwa hiyo nimeichapisha kwenye ubao wa matangazo ngazini, kati ya notisi ya maji na tangazo la paka aliyepotea. Kichwa cha habari: "Enyi Wajenzi wa Hewa!" Kurasa nne, mwandiko mzuri.

Nilikaa nyuma ya mlango nikisikiliza hatua za wasomaji. Walipita. Walipanda. Walishuka.

Jioni nilikuta mtu amechora puto pembeni ya aya ya pili. Lina miwani kama yangu. Chini yake ameandika: LINAPANDA. Namshuku fundi viatu, ana mkono wa kuchora.

Paka amepatikana. Tangazo lake limesomwa.

Kule kwa kinyozi wana sheria yao. Hisa zikipanda, wenye hisa wanachangia chai na kila mwenye hisa anapata kikombe. Asiye na hisa anaangalia. Leo muuguzi mstaafu wa ghorofa ya kwanza, mtu ninayemheshimu ingawa naye kanunua, alinimiminia kidogo kwenye kisahani. Akasema, chukua mdogo wangu, hii haina hisa.

Nilikataa. Nilipanda nyumbani nikanywa maji ya bomba, nimesimama. Huo ndio msimamo.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya ushindi! Karibu.

Nimekwenda kiwanda cha saruji kwa miguu kuthibitisha kwa macho yangu. Mlinzi wa getini alidhani natafuta kazi. Nikamwambia natafuta ukweli. Akasema wahusika wameenda kula, nisubiri.

Tukasubiri pamoja. Alinipisha nusu ya benchi lake. Yeye akanung'unika kuhusu goti, mimi nikanung'unika kuhusu mfumo wa fedha, tukaelewana vizuri. Akaniambia bila hata kuulizwa kwamba tanuri limezimwa, liko kwenye matengenezo. Ghala limejaa mifuko hadi darini, hakuna wa kuichukua. Bei ya hisa inapaa na saruji yenyewe imelala! Nilitaka kumkumbatia. Nilibaki naye hadi zamu yake ilipoisha. Sikuwa na sababu ya kubaki. Nilibaki tu.

Nikarudi mbio hadi kwa kinyozi, jasho linanitoka. Nikatangaza: tanuri limezimwa!

  Wembe ulisimama hewani.

Ndipo fundi viatu akauliza kama ni matengenezo au upanuzi. Nikasema nitajuaje, niliona mabomba mapya yamelazwa uani. Mimi ni mtu mkweli. Mabomba yalikuwepo.

Mabomba mapya! Kinyozi akaweka wembe chini akampigia simu kaka yake. Wanapanua kiwanda, alikuwa akipiga kelele, tuna mtu wetu kaona kwa macho! Mtu wao! Mteja mmoja alinunua hisa na povu likiwa bado kwenye kidevu. Kabla sijafika ghorofa yangu bei ilikuwa imepanda tena.

Baadaye muuguzi akagonga mlango. Kaniletea kikombe kizima. Akasema wamekubaliana wote kwamba hiki ni haki yangu, habari zangu zimewafaa. Nilikipokea ili kumaliza ubishi.

Chai ilikuwa tamu kupita kiasi. Niliimaliza. Kikombe chake sijakirudisha.

Jumapili, 9 Machi

Soko limefungwa. Hakuna wa kumpinga.

Nimepiga pasi shati. Nimelivaa. Nimekaa nalo.

Nimepika wali wa watu wawili, mkono umezoea. Nimebishana na mchumi wa redioni. Alinikatiza kwa matangazo ya sabuni.

Nimempigia Mama Watoto. Nyuma yake nilisikia vicheko, mkwe anasimulia kitu, vijiko vinagongana. Akaniuliza nimekula nini. Nikamweleza uhusiano kati ya bei ya hisa na faida halisi ya kampuni. Akasema ameuliza nimekula nini.

Kisha akaniambia, kama jambo la kawaida tu, kwamba naye alikuwa na hisa za saruji. Alinunua kwa pesa zake za ushonaji. Mke wangu! Ameziuza Alhamisi. Nikashtuka. Nikamuuliza ameona dalili gani, mauzo yamepungua, wakubwa wameanza kujiondoa, ameona nini?

Akasema ameona kitanda cha mtoto, kizuri, cha mbao.

Hii ndiyo elimu ya uchumi ya taifa zima.

Nilimuuliza kama anakumbuka kikata kucha kiliko. Alisema droo ya pili. Kilikuwa mkononi mwangu. Nilitaka tu aendelee kuongea.

Jumanne, 11 Machi

Nimenunua.

Ni utafiti! Nani aliwahi kuandika juu ya vita akiwa amelala kitandani? Adui achunguzwe kutoka ndani. Nimechukua kile kilichobaki katika malipo niliyopewa gazeti lilipofungwa na kukiweka kwenye saruji. Chote, kwa sababu utafiti wa nusunusu si utafiti.

Yote yanafanyika kwenye simu. Iliniuliza lengo langu. Ikanipa chaguo: elimu ya watoto, ujenzi, maisha ya uzeeni. Hakukuwa na "kuwaumbua wajinga." Nikachagua uzeeni.

Bei ikapanda mchana huohuo. Puto tupu, bila shaka. Lakini nilisikia makofi humu chumbani, nikageuka kuangalia ni nani. Nilikuwa mimi. Na chini, kupitia sakafu, nao walikuwa wanapiga. Tulipiga pamoja kwa muda, wao kule na mimi huku.

Kisheria sasa nina haki ya kikombe. Nilivaa viatu. Nilifika ngazini, nikaiona makala yangu ubaoni, kurasa zote nne. Nikarudi.

Alhamisi, 13 Machi

LIMEPASUKA!

Kampuni imetangaza leo asubuhi. Ghala limejaa, tanuri litabaki limezimwa hadi hapo baadaye, gawio hakuna. Neno kwa neno nilichosema! Hisa zimeporomoka kama mzigo ulioachiwa toka darini. Nimeshinda! (Fedha zangu zimekwenda pia. Hilo ni jambo la kiufundi.)

Nilishuka na hotuba kamili. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya jokofu.

Sikuikuta huzuni niliyoiandalia hotuba. Kumbe wana sheria nyingine ambayo sikuwahi kuijua, maana hisa zilikuwa hazijawahi kushuka. Siku ya hasara, kinyozi ananyoa bure kila aliyeumia, ili aende nyumbani na kichwa chepesi. Walikuwa wamejipanga kwenye benchi, wengine tayari wamenyolewa, wanang'aa kama mayai. Fundi viatu anajipapasa kipara na kusema angalau ameokoa hela ya kitana. Muuguzi alikuwa kitini. Kinyozi anampunguza mvi zake taratibu, anamwambia, mama, umerudi usichana, tutapata posa leo. Naye anamwambia hasara kaipata yeye, uchizi kaupata kinyozi. Benchi lote likaangua kicheko, na muuguzi huyohuyo akawa anafuta machozi kwa pindo la taulo, na fundi viatu kamshika bega.

Nikasema: nilisema!

Hakuna aliyebisha. Kinyozi akasema, kweli bwana Mwandishi, ulisema. Basi. Ilikuwa kama kusukuma mlango kwa bega zima kisha ukakuta hata haukufungwa.

Nikaanza aya ya pili. Muuguzi akainuka. Kinyozi akakung'uta kitambaa, akakizungusha kile kiti hadi kikanielekea, akapangusa nywele zilizobaki. Akaniuliza kwa sauti ya chini, ya kirafiki kabisa. Na wewe je, kaka? Hukununua hata kidogo?

Wote wakanitazama. Si kwa ubaya. Kwenye benchi wakasogeleana, pakawa na nafasi ya mtu mmoja. Nywele zangu zimefika kwenye kola. Aliyekuwa akinipunguza shingoni ni Mama Watoto, Jumamosi, kwa mkasi wake wa kushonea.

Nikasema: Mimi? Kamwe!

Kinyozi akasema sawa. Akakizungusha kiti kurudi kwenye kioo. Akamwita mwingine.

Sehemu iliyobaki ya hotuba niliimalizia ngazini. Ilikuwa nzuri.

Ijumaa, 14 Machi

Nimempigia Mama Watoto kumpa habari. Nimeshinda.

Akauliza nimemshinda nani. Wote! Kinyozi, fundi, muuguzi, kampuni ya saruji, mkwe wako. Akasema mkwe amepoteza wateja wengi, tangu jana hajala, amekaa tu na mtoto mapajani. Akasema ameomba anisalimie. Ameniita Baba, bado.

Nikamkumbusha kwamba nilimwonya tangu supu. 

Akasema, haya, hongera. Akakata.

Jumatatu, 17 Machi

Ujumbe wa Mama Watoto umeingia nikiwa nanawa uso. Muuguzi amempigia simu. Wanawake hawa! Amemwambia kwamba Alhamisi nilipanda ngazi nimeshika ukuta, na kwamba nywele zangu ziko vilevile. Mama Watoto ameandika: "Kama na wewe umeumia, sema tu. Nitakuja leo hii."

Nilikaa chini. Nikaandika jibu: "Nimeumia. Njoo."

Nililisoma tena. Hakuna neno la ziada. Kusema haki, sijaandika kitu safi kama kile kwa miaka mingi. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe.

Ndipo simu ikalia kidogo. Si yeye. Saruji imepanda.

Kidogo tu, lakini imepanda! Nikafikiri kwa utulivu. Ikiendelea hivi, fedha zangu zitarudi. Zikirudi, sitakuwa nimeumia. Na kama sijaumia, kwa nini nimdanganye mke wangu? Atakuja wiki ijayo, atamkuta mume aliyesema kweli na aliye mzima. Mambo yote mawili kwa pamoja! Nikafuta.

Nikashuka kupima hali. Chini, vipara vyote vimekaa vinakunywa chai, siku hizi wanakunywa tu bila sheria. Wananiambia hili nalo ni puto. Fundi viatu akanieleza, mimi, kwamba bei inapanda kwa sababu watu wananunua na watu wananunua kwa sababu bei inapanda. Maneno yangu! Bila ruhusa! Nikasimama mlangoni nikawaambia safari hii wamekosea, tanuri lina mabomba mapya, niliyaona kwa macho yangu. Hakuna hata mmoja aliyeniunga mkono. Hapo ndipo nilipopata uhakika. Watu wote wakisema jambo moja, ukweli uko upande wa pili. Nimeishi kwa kanuni hiyo.

Fundi viatu akasema, kaka mkubwa, ingia au toka.

Nikatoka.

Nilikuwa nimebakiza fedha za kutengeneza jokofu. Nimeziweka zote kwenye saruji. Mama Watoto nimemjibu: "Niko salama. Naandaa makala." Hajajibu. Atakuwa anambembeleza mtoto.

Nimeosha kikombe cha muuguzi na nimeosha na kile cha Mama Watoto, nimeviweka mezani vikauke. Makala ya zamani nimeibandua ubaoni. Mpya nimeianza, ina nguvu, sentensi ya kwanza peke yake inatosha kuwanyamazisha wote pale chini: lile lilikuwa puto, hili ni tofauti.