Vita vya Milimita Moja kwenye Ndiva ya Vudee

Sogeeni, enyi wa milimani na ninyi wa tambarare za Same, mkae kitako, maana nasimulia vita vilivyopiganwa Vudee kwa ajili ya milimita moja. Na asiyeijua milimita aitazame ncha ya penseli.

Alikuwapo Eliakunda binti Joshua, mtafiti wa picha, Mpima-Bila-Kugusa, aliyepanda kutoka chuoni na kamera yake ya miguu mitatu. Kila Jumatatu aliupiga picha ufa wa ukuta wa ndiva, lile bwawa la wazee linalomwagilia mashamba kwa zamu. Na kando ya ufa alibandika rula ya karatasi, ili kompyuta ijue ukubwa wa kile inachokiona. Agano lake na kamati ya maji lilikuwa kali: ufa ukipanuka hata milimita moja, bwawa likaushwe na ukuta ujengwe upya, wiki tatu bila maji.

Jumatatu ya tatu kompyuta ikanena: milimita kumi na moja. Juma lililopita ilikuwa kumi. Mzee Paschal, msimamizi wa zamu, akakunja mikono ya shati na kushika mti ulioziba tundu la maji, tayari kuuchomoa bwawa likauke. Zamu ya kesho yake ilikuwa ya Bibi Koleta, mjane, ambaye tangawizi yake ilikwisha kuanza kunyauka. Bibi hakulia. Aliketi juu ya jiwe akamtazama Eliakunda, naye Eliakunda akaona aibu hadi kisogoni.

Ndipo shujaa aliposimama mbele ya majeshi yote, yaani Paschal, Koleta na mbuzi wawili, akahutubu: “Shikamoo baba. Naomba dakika kumi. Jicho langu la kioo halijapata kunidanganya, lakini leo nalishuku.”

“Marahaba, mwanangu,” akajibu Paschal. “Kumi nimekupa. Ya kumi na moja ni ya maji.”

Eliakunda akatambaa matopeni kwa tumbo. Akaikagua lenzi, akaikuta mwaminifu. Akaikagua miguu ya kamera, nayo haikuwa imetikisika. Mwisho akaiona rula, inang'aa, imevikwa plastiki, na akauliza ni nani aliyeivika.

“Ni mimi,” akasema Koleta kwa fahari. “Mvua iliilowesha. Kitu cha mgeni hakiachwi kioze, basi nikashuka nayo Same siku ya gulio, nikaitolea kopi. Yule wa mashine aliibana kidogo tu itoshe karatasini, ili ncha isikatwe.”

Eliakunda akachomoa mkobani rula ya chuma, mfano wa upanga, akazilaza pamoja. Sentimita ya kopi ilipungua milimita nzima. Na rula fupi huuona kila ufa kuwa mpana. Akabandika ya chuma, akazuia pumzi, akapiga.

Kompyuta ikanena: kumi.

Paschal akauachia mti. Bibi Koleta alicheka, kisha akalia, kisha akaomba arudishiwe kopi yake, kwa kuwa aliilipia. Basi na iandikwe katika tarikhi ya Upare, watoto wakaririshwe: siku ile, katika milima ya Vudee, hakuna kilichopanuka, na asubuhi yake maji yalishuka kwenye tangawizi.